Wazazi wa Dodoma: huyu tunayemkabidhi watoto akawafundishe mpira, nani kamkagua?

#1 Mzazi wa Ipagala

Mbukwenyi wakuu,

Nimekaa na hili jambo muda nikaona bora niliweke hapa maana humu tupo wazazi, tupo makocha, walimu, manesi na watu wa maofisini, kila mtu achangie anachokijua. Ni kuhusu hizi timu za watoto na akademi za mtaani zilizojaa siku hizi hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu, Kizota, Chang'ombe, Ipagala mpaka huko Nzuguni na Ihumwa, kila penye uwazi kidogo jioni unakuta koni zimepangwa na watoto wanakimbia vumbini. Nafurahi kweli, wanangu wanacheza na mi mwenyewe nipo kwenye kamati ya wazazi ya timu yao, na AFCON ya 2027 inachezwa hapa kwetu pamoja na Kenya na Uganda kwaiyo hamu ya watoto imepanda na itazidi kupanda. Swali langu ni hili, huyu mtu tunayemwachia watoto kuanzia saa kumi mpaka giza linaingia, nani kamkagua?

Sizungumzii leseni ya ukocha. Kozi za CAF D, ile leseni ya mwanzo ya ukocha Afrika, zinazoandaliwa na TFF, shirikisho letu la mpira, ni nzuri na kocha aliyepita huko anaonekana tu namna anavyopanga mazoezi. Lakini leseni inakwambia mtu anajua mpira, haikwambii kule alikotoka aliondokaje.

Zamani Dodoma ilikuwa mji mdogo, kocha wa mtaa unamjua yeye, unamjua mama yake na shule aliyosoma, akifanya upuuzi Majengo habari zinafika Kikuyu kabla ya magharibi. Sasa hivi sivyo. Tangu serikali ihamie huku na mji ukawa jiji mwaka 2018 watu wameingia kutoka kila kona, jirani yako wa Ilazo hujui katoka Singida, Mwanza au Dar, na si kosa lake, wengi wetu ni wa kuja. Ila maana yake ile kinga ya kujuana imeisha na hatujaweka nyingine mahali pake. Mtu anakuja na filimbi na mipira, anasema nilikuwa nafundisha timu fulani mkoa fulani, wiki ya pili tunamwita kocha, mwezi wa pili anapakia watoto kwenye pikipiki yake kwenda mechi Hombolo na sisi tunashukuru katuokolea nauli.

Wenzetu wamejifunza hili kwa machungu sana. Uingereza kulikuwa na kocha wa vijana anaitwa Barry Bennell, alifanya kazi na watoto wa klabu za Crewe na Manchester City, wazazi walimwamini maana ndo alikuwa mlango wa mtoto kufika timu kubwa, watoto walikuwa wanalala mpaka nyumbani kwake. Mwaka 2016 mchezaji wa zamani Andy Woodward akajitokeza hadharani akasema alichofanyiwa akiwa mdogo, na baada yake wakajitokeza wengine wengi. Bennell alifungwa miaka 31 mwaka 2018 kwa makosa dhidi ya wavulana 12. Marekani mwaka huohuo daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, alihukumiwa miaka 40 mpaka 175, na wanawake zaidi ya 150 walisimama mahakamani au walipeleka maneno yao. Wapo wasichana waliosema miaka mingi nyuma lakini watu wazima waliowasikia hawakufanya kitu.

Baada ya hapo Marekani walipitisha sheria Februari 2018 kwamba mtu mzima aliye kwenye michezo ya watoto iliyo chini ya vyama vya taifa akisikia au akishuku mtoto ananyanyaswa anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24, na watu wote wanaokutana na watoto mara kwa mara wapewe mafunzo. Jimbo la California kuanzia Januari 2022 likaenda mbali zaidi, kila anayefanya kazi kwenye taasisi ya vijana, na hata anayejitolea tu bila malipo ilimradi anakaa na watoto zaidi ya saa 16 kwa mwezi au 32 kwa mwaka, lazima achukuliwe alama za vidole zikaangaliwe na lazima asome mafunzo ya kutambua na kuripoti ukatili. Uingereza kuna chombo kinaitwa DBS kinatoa hati ya kuonesha rekodi ya mtu, na kwa anayejitolea hati yenyewe hailipiwi. Ona hapo, anayejitolea hasamehewi ukaguzi, ila anasaidiwa asiingie gharama.

Sasa kuna kitu nataka mkione vizuri. Hao wawili, Bennell na Nassar, ungewadai karatasi ya polisi miaka ile wamepamba moto wangepita wote bila shida, maana hakuna aliyekuwa amewahi kuwafikisha mahakamani. Na kwa huku kwetu karatasi ni dhaifu zaidi kwa sababu tunazijua tabia zetu, jambo likitokea familia mbili zinakaa, zinatoka hela au ng'ombe, mtoto anaambiwa anyamaze ili asiaibishe ukoo, mtu anahama wilaya. Huyo akienda polisi kuomba cheti chake kinatoka safi kabisa. Kwaiyo mi sisemi tusidai cheti, tukidai, ila tusikifanye ndo ulinzi wenyewe. Ulinzi ni cheti, pamoja na watu waliowahi kukaa naye, pamoja na utaratibu wa kila siku pale kiwanjani ambao unambana kila mtu mzima awe mwema au mbaya.

Karatasi tunazoweza kupata bila kusumbuana ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na barua ya serikali ya mtaa anakoishi, na kama timu ina uwezo imlipie kocha cheti cha polisi, unaomba, unachukuliwa alama za vidole wanaangalia kwenye kumbukumbu za makosa. Watu ndo sehemu ambayo naona tunaichukulia poa sana. Kocha akisema alikuwa timu fulani ya Kondoa au Mpwapwa, piga simu kule, na namba itafute mwenyewe kwa ofisa michezo wa wilaya au kwa mwalimu wa shule ya jirani, usitumie tu namba aliyokupa yeye maana anaweza kukupa ya rafiki yake. Na usiulize "ni mtu mzuri?" maana kila mtu atakujibu ni mzuri. Uliza aliondokaje, uliza kuna mzazi yeyote aliwahi kulalamika, uliza wewe ungemrudishia mwanao. Sikiliza na namna anavyosita. Piga, usitume meseji, kwenye meseji watu hawasemi.

Alafu kiwanjani. Hakuna mtu mzima kukaa peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Kila mazoezi wawepo watu wazima wawili, wa pili anaweza kuwa mzazi tu amekaa kwenye benchi anaangalia. Kocha asimtumie mtoto meseji binafsi, taarifa zote ziende kwenye grupu la wazazi. Mtoto asipakiwe pikipiki ya kocha wawili tu, asilale kwa kocha, asichuliwe msuli chumbani, kama ni kuchua basi hapohapo uwanjani wenzake wanaona. Safari yoyote ya nje awepo mzazi, na kwa timu ya wasichana awepo mwanamke. Na hizi zawadi za siri, viatu vipya kwa mtoto mmoja bila mzazi kujua, hapana, zipite kwa kamati.

Na isiwe kwa kocha tu. Anayeleta maji, anayepiga picha, dereva wa Noah, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na mimi, wote tujaze fomu ileile ya ukaguzi anayojaza kocha. Ukimkagua mmoja umemtuhumu, ukikagua wote ni utaratibu wa timu.

Naomba maoni, hasa makocha. Nawasilisha.

#2 Kocha wa Nkuhungu

Mkuu nimesoma uzi wote mpaka mwisho na ntakujibu kwa heshima ila inauma. Mi nafundisha watoto Nkuhungu miaka mingi sasa, silipwi, mipira nanunua kwa hela ya kibarua, kuna watoto bila mimi saizi wangekuwa wanavuta vitu vibaya huko nyuma ya soko. Leo mtu aje aniambie niende polisi nichukuliwe alama za vidole kama mwizi? Wazazi wenyewe hawaji hata mechi, ada ya elfu mbili kwa mwezi hawatoi, wakija ni kuuliza kwa nini mwanangu hajaanza. Mkishatuwekea hayo masharti yote wa kwanza kuondoka ni wale wanaojitolea kwa moyo, mtabaki na nani? Na hilo la watu wazima wawili, wa pili namtoa wapi, nina watoto arobaini niko peke yangu.

Alafu kuna hili hamlisemi, mtoto anaweza kumsingizia kocha kwa kuwa kamtoa kikosini. Jina likishachafuka mtaani halisafishiki.

#3 Mama wawili Kizota

Kocha pole na hongera kwa kazi, Mungu akulipe kweli, ila naomba unisikilize kama dada yako. Binti yangu anacheza netiboli na mpira pia. Mi ndo nafua jezi zake, mi ndo namsubiri usiku umeme umekatika hajarudi. Kuna mtu alikuwa anasaidia kwenye timu moja, sitaitaja, hakuwa hata kocha, alikuwa anaitwa tu msaidizi, alianza kumtumia binti yangu vocha na kumwambia usimwambie mama. Bahati binti aliniambia. Nilipoenda kuuliza pale hamna aliyejua huyo mtu anakaa wapi wala jina lake la pili. Jina la pili jamani! Aliacha kuja mazoezini na hadi leo hatujui yuko timu gani.

Kwaiyo mi siombi makubwa, naomba angalau ajulikane anakaa wapi.

#4 Mzazi wa Ipagala

Dada asante kwa kusema, najua si rahisi kuliandika hilo. Binti mpongeze sana alivyokwambia, na nyinyi wengine mnaosoma, hiyo "usimwambie mama" ndo alama ya kwanza kabisa ya kufundisha watoto wetu. Mtu mzima mwema hana siri na mtoto wa mwenzie.

Kocha wa Nkuhungu, nimekusoma na una haki katika mengi. La wazazi kutokuja ni kweli tupu na hilo ni letu wazazi, si lako. Watoto arobaini mtu mmoja haipaswi kuwa hivyo, hata mmoja akivunjika mkono wale thelathini na tisa wanabaki na nani wakati unampeleka hospitali? Timu yetu tumeweka zamu, kila siku ya mazoezi mzazi mmoja anakuja kukaa, jina lake linaandikwa kwenye grupu Jumapili jioni, asiyeweza anatafuta wa kubadilishana naye. Hajui mpira, hafundishi, anakaa anaona. Wapo waliokataa mwanzo wakaambiwa basi mtoto atasubiri mpaka siku utakayopata nafasi, wakaanza kuja.

Kuhusu kusingiziwa, hapo mi naona utaratibu unakulinda wewe kuliko mtu yeyote. Kama siku zote upo mbele ya mzazi mwingine, kama meseji zako zote zipo kwenye grupu, kama hujawahi kubaki na mtoto peke yake, anayetaka kukusingizia ataanzia wapi? Anayeweza kuchafuliwa kirahisi ni yule anayewapeleka watoto nyumbani mmojammoja usiku kwa wema wake tu.

Na gharama ya cheti isiwe ya kocha. Kama mnajitolea kufundisha, wazazi wajitolee kulipia. Ambako hela haipo kabisa anzeni na barua ya mtaa na zile simu, hizo ni vocha tu. Ila taarifa za makocha mkishazikusanya zitunzwe vizuri, asizisambaze mtu kwenye magrupu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na kocha naye ana haki zake. Kwetu anakaa nazo katibu na mwenyekiti basi.

#5 Mwalimu wa michezo

Habari wadau. Mimi ni mwalimu, nimepeleka watoto UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, mara nyingi, naomba niongezee la kambi kwa sababu huko ndo penye mwanya mkubwa. Watoto wanatoka wilayani Bahi, Chamwino, Kongwa, wanalala kwenye madarasa, magodoro chini, walimu wachache. Usiku mtoto anataka kwenda chooni anaenda peke yake gizani. Mtu yeyote mwenye fulana ya michezo anaingia getini anaulizwa "umetoka wilaya gani" akijibu anapita. Ninachofanya mimi, wasichana na mwalimu wa kike chumba kimoja jengo moja, chooni wanaenda watatu watatu, kuhesabu watoto wakati wa kula, wakati wa kulala na asubuhi, na kila mtoto kabla hatujaondoka shuleni anaambiwa majina ya watu wawili anaoweza kuwaambia jambo lolote, mmoja awe mwanamke. Mtu wa tatu ni namba 116, ile simu ya mtoto, ni bure, naiandika kwenye karatasi inabandikwa mlangoni.

Na kuna hawa wa "majaribio". Mtu anakuja kwenye mashindano, anasema yeye ni skauti, yaani mtafuta vipaji, wa timu kubwa Dar, anachagua watoto wawili watatu, anaongea na baba hela ya nauli, mtoto anaondoka. Wazazi wa vijijini wanatoa mtoto na wanachinja na kuku. Jamani kwanza timu yenyewe ipigiwe simu. Na akikuambia anampeleka nje ya nchi akiwa chini ya miaka 18 shtuka hapohapo, kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa watoto isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, huyo ni wa polisi, asisindikizwe stendi.

#6 Nesi wa zamu

Wakuu mnaongelea usalama upande mmoja naomba niseme na huu mwingine, maana wanaoletwa kwetu wameumia uwanjani ni wengi na kinachoumiza ni kuona walivyohudumiwa kabla ya kufika. Kocha wa watoto lazima asome huduma ya kwanza. Si hiari.

La kichwa. Mtoto kagongana, kaanguka, kaamka anapepesuka, kocha anamwagia maji usoni anamwambia "kaza, mwanaume wewe" anarudi kucheza. USIFANYE HIVYO. Mtoto akigonga kichwa na akawa haeleweki, anatapika, kichwa kinauma, anauliza swali lilelile, ametoka siku hiyo harudi hata kama ni fainali, na aonwe hospitali. Akigongwa tena ubongo haujapona anaweza kufa. Marekani jimbo la Washington waliweka hadi sheria mwaka 2009 baada ya kijana mmoja kurudishwa uwanjani akaumia vibaya, mtoto harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike ameruhusiwa, na majimbo mengine yote yakafuata.

La moyo. Mtoto akianguka mwenyewe bila kuguswa na mtu, haitiki, hapumui vizuri, huo ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Desemba 2016 pale uwanja wa Kaitaba Bukoba tulipoteza kijana wa timu ya vijana ya Mbao katikati ya mechi. Christian Eriksen naye alianguka hivyohivyo Juni 2021 kwenye Euro, ila kwake walianza kubonyeza kifua palepale na mashine ya kushtua moyo ilikuwepo, leo yupo hai. Mashine hatuna viwanjani kwetu lakini mikono tunayo. Katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, kina cha kama sentimita tano kwa mtoto mkubwa, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike, mwingine atafute gari. Kila timu ijue mapema gari ni la nani na hospitali ni ipi.

La jua. Dodoma hii Oktoba na Novemba mnawakimbiza watoto saa nane mchana kwa ajili ya bonanza, maji ndoo moja kikombe kimoja. Mtoto akianza kuchanganyikiwa na mwili wa moto sana mpeleke kivulini umwagie maji mwili mzima, mpepee, mpoze KWANZA ndipo safari ya hospitali. Dakika mnazopoteza kugombania bajaji ndizo zinazoua.

Na magoli ya chuma yale ya kubeba, watoto wananing'inia, yanaangukia kifua. Yafungwe chini au mtundike mifuko ya mchanga.

#7 Mdau wa Area C

Mi naona mnatia chumvi. Haya mambo ya Ulaya na Marekani huko, sisi waafrika tuna maadili yetu, mtoto ni wa jamii nzima. Mkianza kuwafundisha watoto kuwashuku wakubwa mtawaharibu.

#8 Mzazi wa Ipagala

Mkuu wa Area C naheshimu mawazo yako ila sikubaliani kabisa. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti hapahapa Tanzania, wa serikali pamoja na UNICEF, CDC (kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa) na chuo cha Muhimbili, walihoji vijana wa miaka 13 mpaka 24 nchi nzima. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika 18, na kwa wavulana ni karibu mmoja katika kila saba. Hao si wa Ulaya, ni wetu, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Wavulana msiwasahau, kwenye mpira wengi wanaofundishwa ni wao na wanaona aibu mara mbili.

Na kama mtoto ni wa jamii nzima basi jamii nzima ina kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtu yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwenye serikali ya eneo lake. Yeyote, yaani wewe na mimi. Kuwafundisha watoto kusema si kuwafundisha dharau. Mwanangu anamwamkia kocha wake shikamoo, anambebea koni, na bado anajua kuna sehemu za mwili wake haguswi na mtu.

Nesi asante mno, nimeinakili post yako nimeituma kwenye grupu letu kama ilivyo.

#9 Mgeni jukwaani

Samahani nauliza. Kama mtoto ameshasema kitu, si wangu ni wa jirani, kuhusu mtu wa timu. Baba yake anataka wakae wayamalize. Nifanye nini

#10 Ofisa ustawi (siandiki kwa niaba ya ofisi)

Ndugu, fanya haraka na kwa utulivu. Mtoto usimhoji maswali mengi, usimwambie "una uhakika?", mwambie umefanya vizuri kusema na si kosa lako, basi. Andika maneno yake kama alivyoyatamka na tarehe. Usimfuate mtuhumiwa kumuuliza, atakimbia au atamtisha mtoto.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au piga 116 sasa hivi, hawakutozi. Kama tukio ni la karibuni mtoto asiogeshwe na nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Polisi watatoa PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali. Kama mtoto ana hali mbaya aende hospitali kwanza, karatasi itafuata, asikae foleni ya kituo anavuja damu. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na kadiri inavyowahi ndivyo bora, kwaiyo kikao cha familia cha Jumapili kitakuwa kimeshachelewa.

Na huyo baba mwambieni kwa upole lakini wazi, hili si la kuyamaliza. Kubaka adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, kwa mtoto wa kike wa chini ya miaka 10 ni maisha, na kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 ni maisha. Akipokea ng'ombe leo, huyo mtu wiki ijayo yuko timu nyingine na mtoto mwingine.

Njoo inbox kama unahitaji kujua ofisi ya karibu yako.

#11 Kocha wa Nkuhungu

Nimerudi. Nimesoma hapo juu mpaka usiku, ile ya mama wa Kizota na ya mgeni zimenikalia. Sijabadilika kuhusu wazazi kutotusaidia, hilo nalisimamia palepale. Ila nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa wangu kuomba barua, akanishangaa kidogo akaandika. Nimeitisha kikao Jumamosi baada ya mazoezi, ntawaambia wazazi mimi nimeshaleta yangu sasa na wao walete zamu ya kukaa. Nikipata watano wa kuanzia natosheka. Mkuu wa Ipagala nitumie ile fomu yenu.

Swali moja, msaidizi wangu ana miaka 17, alikuwa mchezaji wangu, kijana mzuri sana. Naye anajaza?

#12 Mzazi wa Ipagala

Kocha nimeshakutumia fomu inbox, ibadilishe jina la timu tu. Huyo wa 17 kwa sheria yetu bado ni mtoto, kwaiyo mambo mawili. Usimhesabu kama yule mtu mzima wa pili, hata kama ana akili kuliko sisi. Na zile kanuni za kutokaa peke yake na mtu mzima, za meseji na za pikipiki, zinamlinda na yeye pia, mpaka afike 18, hapo ndo anajaza fomu yake kama wengine. Mzazi wake ajue rasmi kwamba anakusaidia, asaini. Jumamosi kama kikao ni baada ya saa kumi na mbili ntakuja na mmoja wa wazazi wetu wa zamu aeleze walivyoanza.